Mama ana miaka 76, ndiyo asitibiwe moyo?

Daktari, shikamoo.

Naandika kutoka Tanga kuhusu mama yetu. Ana miaka 76, na hadi juzijuzi alikuwa akienda sokoni mwenyewe.

Mwezi uliopita alishikwa na kichefuchefu, taya na mgongo vikamuuma, akachoka hata kuvaa kanga ikawa kazi. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, wakampa dawa akarudi nyumbani. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, hakupimwa. Alipozidiwa kesho yake tukamkimbiza hospitali kubwa, na vipimo vikaonyesha mshtuko wa moyo. Zile saa 12 za mwanzo, ambazo kuzibua mshipa wa moyo ulioziba husaidia zaidi, zilikuwa zimeshapita.

Baba mdogo, miaka 54, alipobanwa kifua mwaka jana alipimwa ECG alipofika tu, akapewa rufaa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akawekewa stenti, kile kibomba kidogo kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Alistahili, na tunashukuru. Ila kwa mama tuliambiwa, "Kwa umri huu vidonge vinatosha." Sababu nyingine, kama hali ya figo zake au hatari ya kuvuja damu, hazikutajwa. Umri tu! Na kule zahanati nahisi angekuwa mwanamume wangewaza moyo kwanza, ingawa dalili kama zake huwapata sana wanawake na wazee.

Nimesoma kuhusu utafiti wa Norway wa 2016 kwa wagonjwa wa miaka 80 na zaidi: waliochunguzwa mishipa ya moyo na kuzibuliwa ilipobidi walipata mishtuko mingine michache kuliko waliopewa dawa peke yake. Wa Uingereza wa 2024, kwa wenye miaka 75 kwenda juu, nao ulionyesha mishtuko kupungua, ingawa vifo vitokanavyo na moyo havikupungua. Kwa hiyo sidai lazima azibuliwe mshipa. Nataka apimwe yeye mwenyewe, siyo mwaka wake wa kuzaliwa.

Kinachoniumiza zaidi ni nyumbani. Kaka mkubwa anasema mama ameshakula chumvi nyingi, tusimsumbue na safari ya Dar. Mama akisikia habari za gharama anasema yeye hataki kututia hasara. Hakuna aliyemuuliza anataka nini kama pesa isingekuwepo katika hesabu.

Daktari, nimuulize nini huyu anayemtibu, na rufaa niiombe vipi bila kuonekana namdharau? Je, wiki zote hizi zikishapita, uchunguzi wa mishipa bado una faida kwake? Na mimi, mdogo kwa kaka, nianzie wapi kuzungumza naye?

Binti wa Tanga