Mwanangu, kabla hujachagua kazi nenda kaione ikifanywa

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia manake haya mambo tukiyaongea hapa nyumbani tunakatizwa kila saa, mara simu, mara mdogo wako kaingia analia, na hili sio jambo la kuongea umesimama mlangoni. Umebakiza muda mfupi shuleni na kila mtu mzima akikuona anakuuliza swali lile lile, unataka kuwa nani, na wewe nakuonaga unajibu haraka haraka daktari ili wakuache. Sikulaumu baba, swali lenyewe limekaa vibaya. Linakudai jina la kazi wakati kazi yenyewe hujawahi kuiona.

Na sio wewe peke yako. Mwaka 2018 ule mtihani wa kimataifa wa PISA uliwauliza vijana wa miaka 15 wanajiona wakifanya kazi gani wakifika miaka 30, majibu ya nchi 41 yakaja kuchambuliwa na OECD, lile shirika la nchi nyingi la mambo ya uchumi linaloendesha mtihani huo, na wavulana 47 kati ya 100 na wasichana 53 kati ya 100 walitaja kazi zile zile kumi tu. Fikiria dunia nzima ilivyo na kazi nyingi halafu nusu ya vijana wamebanana kwenye kumi. Udaktari, ualimu, uinjinia, uanasheria, upolisi, ni kazi nzuri na zinahitaji watu, mimi sina neno nazo kabisa, ila naamini watoto wanazitaja kwasababu ndio wanazoziona kwa macho au kwenye tivii. Nani amewahi kukuonyesha mtu anaerekebisha mashine za hospitali, au anaepima maji kama ni salama kabla hayajafika bombani, au yule anaepanga makontena melini yakae vizuri meli isilale upande? Wapo, wanalipwa, wanalea familia zao, na hakuna mtoto anaewataja.

Kwahiyo ombi langu kubwa kwenye barua hii ni moja, kabla hujasema nataka kuwa fulani nenda ukaione siku ya huyo fulani, siku ya kawaida, sio siku ya kuvaa joho.

Nikupe mfano wa injinia wa majengo manake najua unaupenda. Watu wanamfikiria kavaa kofia ngumu ananyoosha kidole ghorofani. Sasa kaa nae siku moja saiti utaona anahesabu nondo moja moja kabla zege halijamwagwa, analinganisha na mchoro, anabishana na fundi kwa heshima, halafu zege likija anachukua sampuli wanaijaza kwenye viboksi vya chuma, wanaipa namba na tarehe, inatunzwa kwenye maji, siku ya 7 baadhi zinapelekwa kubanwa na mashine mpaka zipasuke na nyingine siku ya 28, ijulikane lile zege lina nguvu iliyotakiwa au halina. Yote anayaandika. Sasa kuna mtu hayo yanamsisimua kabisa, anataka kujua namba ya siku ya 28 imesomaje, na kuna mtu anaona ni adhabu. Hapo ndio utajijua wewe ni yupi, na huwezi kujijua ukiwa umekaa kitandani na simu.

Muuguzi hivo hivo. Wengi wanaona huruma na sare nyeupe, huruma kweli inatakiwa, lakini angalia na saa za kusimama, zamu za usiku, kupokezana wagonjwa na wenzake mmoja mmoja nani kapewa dawa gani saa ngapi, na kuandika kwingi sana manake kisichoandikwa anaekuja hawezi kukijua. Mwanasheria nae muda mwingi anasoma, mahakamani ni sehemu ndogo tu na wapo ambao hawaendi kabisa.

Ukimpata mtu wa kumuuliza usimuulize kama kazi yake ni nzuri, atakwambia nzuri. Muulize jana ulifanya nini toka asubuhi mpaka jioni. Muulize ni kitu gani kwenye kazi hii kinakuchosha hata baada ya miaka yote hii, ulisomea nini hasa na wenzio waliingilia mlango gani, anaeanza leo analipwa kama kiasi gani, na ungekuwa na umri wangu ungejifunza nini kwanza. Watu wanapenda kuulizwa kuhusu kazi zao kuliko unavyodhani, ukienda na adabu na daftari watakufungulia mengi.

Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Frank Parsons, mwaka 1908 alianzisha ofisi mjini Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na mawazo yake mpaka leo washauri wanayatumia: ujijue mwenyewe, uzijue kazi zilivyo, halafu ukae chini utafakari hivyo viwili vinakutana wapi. Mimi naona shida yetu wazazi na walimu tunamkazania mtoto hicho cha kwanza tu, jijue jijue, tunakupa yale madodoso ya mtandaoni yanakwambia wewe ni mtu wa mikono au mtu wa watu au mtu wa takwimu. Yafanye, hayana ubaya, yanasaidia kuanzisha maongezi, lakini dodoso halijui zamu ya usiku ikoje. Hicho cha pili ndio kimeachwa na ndio maana nakisumbulia hivi.

Sasa masomo. Usiache hesabu kwasababu mwalimu mmoja mlikwaruzana. Nasema hili kwa uzito manake somo ukiliacha sasa kozi nyingi zinafunga bila wewe kujua, unakuja kushtuka fomu iko mkononi. Zile kozi mbili tatu unazozitamani tafuta vigezo vyake vya kuingilia kwa chuo chenyewe, kwenye tovuti yao au ofisini kwao, usichukue habari za kusikia kwa kaka wa rafiki yako aliyeingia zamani, vigezo vinabadilika.

Na ufundi usiudharau, hata kama kuna mtu kwenye familia atakunja uso akisikia, huyo niachie mimi. Ujerumani kijana anaweza kuingia mkataba na kampuni akasoma huku anafanya kazi, siku 3 au 4 za wiki yuko kazini na siku 1 au 2 yuko shule ya ufundi, analipwa posho kila mwezi, baada ya miaka 2 mpaka 3 na nusu ana cheti kinachoheshimika, na zipo fani zaidi ya 300 za hivyo kuanzia umeme mpaka benki. Uswisi karibu theluthi mbili ya vijana wanapitia njia ya ufundi na kazi wakimaliza shule ya lazima, na anaetaka chuo kikuu baadae anaweza kuendelea. Nchi hizo hazikujengeka kwa kuona fundi ni mtu aliyefeli.

Kuhusu sivii, najua mmefundishwa shuleni lakini niliiona ile ya kwako na kuna kitu nataka ukibadilishe. Umeandika mimi ni mchapakazi, mwaminifu na najituma. Mwanangu kila mtu anaandika hivyo, anaesoma anapita tu. Andika ulichokifanya. Wewe si ndio ulikuwa unatunza vifaa vya maabara ya shule? Basi andika: nilitunza orodha ya vifaa vya maabara kwa mwaka mzima, nilihesabu kila wiki na kuripoti vilivyovunjika kwa mwalimu. Neno mwaminifu halipo hapo lakini anaesoma ameshaliona. Ukurasa mmoja unakutosha kwa umri wako, imeili iwe na jina lako na sio lile la utani, na mpe mtu mwingine akusomee makosa manake macho yako mwenyewe yameshazoea.

Intavyu inafanana na hilo. Wakikuuliza tuambie siku uliyopata tatizo ukalitatua, usijibu huwa natatua matatizo vizuri, wape tukio moja la kweli, hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, mwisho ikawaje. Andaa matukio matatu manne ya hivyo uyaseme kwa sauti mbele yangu au mbele ya mjomba wako, kichwani kila kitu kinakuwa kitamu ila mdomoni ndio unagundua umepotea njia. Na wao wakimaliza wakasema una swali, uwe nalo, uliza wiki yangu ya kwanza hapa itakuwaje.

Watu wanapenda kusema kazi ni kujuana na vijana wanakata tamaa wakisikia hivyo wanaona basi mimi sina ndugu mkubwa. Kuna mtafiti anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti aliouliza watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua, huyo mtu mlikuwa mnaonana sana? Waliosema tunaonana mara kwa mara walikuwa kama 17 tu kati ya 100, wengine wote walikuwa wanaonana kwa nadra au mara moja moja, yule mliyesoma nae zamani, yule mliyewahi kufanya nae kazi. Na inaeleweka, rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, habari mpya anayo mtu wa pembeni. Kwahiyo salimia watu, mwambie mwalimu wako wa zamani unapenda nini, ukijitolea mahali ondoka vizuri uage uombe namba ya aliyekusimamia. Huko ndio kujuana ninakokutaka, na hakuhitaji ndugu mkubwa.

Na hili nakuandikia kama mama mwenye hofu kabisa. Mtu akikwambia kazi ipo ila tuma hela ya fomu kwanza, au hela ya vipimo, au hela ya sare, acha, njoo uniambie hata kama ni saa saba usiku. Upo mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaosema wakala wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, isipokuwa pale serikali imeruhusu kwa kundi fulani la wafanyakazi au huduma fulani, na hata nchi ambayo haijausaini wewe uchukue kama kipimo chako. Mwingine wa mwaka 1973, namba 138, unasema kazi za hatari ni kuanzia miaka 18, kwahiyo yule aliyetaka mkapande juu ya mnara wakati wa likizo na wewe bado una 17 jibu lake ni hapana, nami ndio nimejibu. Usisaini karatasi hujaisoma, na usimpe mtu vyeti vyako halisi abaki navyo, mpe kopi.

Mwisho usiogope kwamba utakachochagua sasa ndio kimekufunga maisha. Watu wanahama, wanasoma tena, kazi nyingine zinazaliwa ukiwa njiani. Mimi sikuchagulii, baba yako nae tumeshaongea hatakuchagulia, tunachotaka ukija na jibu uje na sababu ulizoziona mwenyewe.

Likizo hii tufanye hivi, niandikie kazi tatu, moja iwe ile unayoitaka, ya pili iwe ambayo hujawahi kuifikiria, ya tatu ya ufundi. Mimi kuna mama namfahamu anafanya maabara ya maji, ntamuuliza kama atakupokea hata siku mbili ukaangalie tu, na mjomba wako anamjua injinia wa saiti. Ila wanataka barua ya maombi na iwe ya kwako sio ya kwangu, kwahiyo iandike wiki hii uniletee tuisome pamoja kabla shule hazijafungwa manake wenyewe wanahitaji muda wa kuomba ruhusa kwa mabosi wao.

Mama yako