Barua kutoka Kibirizi

Kibirizi, Kigoma

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi kwako, shemeji na watoto. Huku tu wazima.

Unasema picha za simu zinatosha, na kuchora watu kwa penseli ni kupoteza muda wa rangi. Nami niliamini hivyo mwaka mzima, na watu wangu wote kwenye turubai wakakakamaa kama wamepigiliwa misumari. Yule mama wa dagaa nimemfuta mara nne. Uso mzuri, kitenge kizuri, lakini hasimami.

Basi nikaanza kwenda mwaloni alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi na taa zake. (Usiku wa mbalamwezi hawaendi ziwani, nami napumzika.) Nina daftari na vijiti vya mkaa, basi. Kila mtu nampa dakika mbili. Mwanzoni nilianzia usoni. Uso ukikamilika, mwenyewe keshaondoka. Sasa naanza na mstari mmoja, kutoka shingoni hadi kisigino cha mguu uliobeba uzito. Alhamisi mama mmoja alikuwa anapatana bei, beseni kaliweka chini. Nyonga ya upande wa mguu ule imepanda, bega la upande huohuo limeshuka, kisigino kimezama mchangani, mguu wa pili unagusa kwa vidole tu. Nina picha zake kumi kwenye simu, na sikuwahi kukiona kile kisigino.

Degas, mchoraji wa Ufaransa, alichora wacheza dansi ya baleti karatasi kwa karatasi, wakifunga viatu, wakijikuna mgongo. Hakuwa anafanya mazoezi ya mkono tu: mkao uleule unaukuta tena kwenye kazi zake za rangi.

Nikirudi chumbani nabandika karatasi zote ukutani, nachagua mbili tatu. Sizinakili kwa vipimo. Namchora mtu upya juu ya turubai kwa brashi na kahawia nyepesi, mkono ungali unakumbuka. Yule mama nilimwanza Jumamosi. Kasimama, Hamisi! Uso bado sijauweka, na tayari namjua ni nani.

Wewe una stesheni ya Tabora. Anzia na abiria waliolala juu ya mizigo yao, hao hawaondoki. Kisha wachukuzi, mtu anapoinua gunia. Nitumie karatasi zote, hata ulizoziharibu, usinichagulie. Jirani yangu anapanda treni wiki ijayo. Nimempa migebuka mikavu akuletee.

Wako,
Juma