Tope la mialo litoke kwenye malambo yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Huu ni mwaka wa tisa naosha dhahabu hapa Nzega. Nina karasha moja, mashine ya kusaga mawe, na mwalo wangu, yaani sehemu ya kuoshea dhahabu, na nataka niseme jambo ambalo sisi wenye mialo tunaogopa kulisema: maji tunayaharibu sisi wenyewe.

Oktoba iliyopita, kiangazi kimekolea, nilipita lamboni alfajiri. Upande mmoja ng'ombe wanakunywa, akina mama wamefukua vishimo kandokando wanachota kwa kata. Upande wa pili pampu ya mwalo inavuta maji, na hatua kama thelathini kutoka hapo tope la kijivu linateremka kwa mfereji na kurudi mle mle. Mama mmoja alifunga kitenge mdomoni mwa ndoo ili achuje. Kitenge kinazuia udongo. Zebaki tunayokamatishia dhahabu hakizuii.

Tope hilo ni marudio, mchanga uliokwisha kukamatishwa zebaki. Sianidi, kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, ikipigwa na jua hupungua nguvu, lakini zebaki haiozi. Inatuama chini ya lambo, inageuka sumu kali zaidi, inaingia kwa kambale, na kambale hao watoto wetu wanawavua na kuwala. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, mwaka 2020. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 nayo inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji. Hatua thelathini hazifiki hata nusu.

Mimi nilichimba mashimo matatu, nikayatandika nailoni nzito. Maji ya kuoshea yanaingia shimo la kwanza na kuacha tope, yanamwagikia la pili yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na kwenye la tatu ukichovya fimbo unaiona mpaka chini. Hapo pampu inayarudisha juu kwenye ubao wa kuoshea. Nilikuwa nanunua maboza manne ya maji kwa wiki. Sasa moja linatosha kufidia yanayokaushwa na jua. Zebaki tunakamatishia kwenye beseni, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mashimo. Nailoni nilikopa, na deni lilikwisha kabla ya mvua. Mvua ndiyo mtihani wenyewe: shimo lisilo na tuta linafurika siku moja na kazi yote inakwenda na maji.

Wakaguzi wanaofika kwetu huangalia leseni na mizani, wakaondoka. Naomba maofisa wa bodi ya bonde la maji, wanaosimamia vyanzo vya maji, waje nao, wapime zile mita 60 kwa futikamba, waone mashimo, ndipo leseni ya mwalo ihuishwe. Vikundi visivyo na uwezo vikopeshwe nailoni.

Na maji ya lambo lile yapimwe kabla ya Novemba, maana likifurika tope lote litaingia kwenye vijito vinavyoteremka mto Manonga.

Mwosha dhahabu,
Nzega, Tabora