Mzee kaziba ufa kwa plasta na rangi, sasa anataka balansi yake

Shangazi shikamoo, na wasomaji wenzangu salaam aleikum. Naandika niko dukani Kawempe, mvua imenifungia humu wateja hamna, na kila ikinyesha hivi akili yangu yote iko Matugga kwenye nyumba ambayo bado sio yangu na pesa zangu nyingi zishaingia.

Iko hivi. Mume wangu ni dereva wa trela, anatoa mizigo Mombasa kuleta huku na saa nyingine anapandisha mpaka Juba, mi nauza vyombo vya nyumbani, na tangu tuoane tumepanga tu. Sasa tumepata nyumba Matugga, hii barabara ya Bombo, vyumba vitatu na sebule, kiwanja futi 50 kwa 100, bei tukakubaliana milioni 165. Tumelipa 70, zimebaki 95. Karatasi naomba msinisumbue nazo, ardhi ni mailo, yaani ile ya umiliki wa kudumu ya huku Buganda, lakini taiti (hati ya umiliki) ipo kwa jina la muuzaji mwenyewe, sio kibanja, yaani kukaa kwenye ardhi ya mwingine na kwenda kumlipa busuulu, kodi ya ardhi, loya wetu alifanya searchi ofisi ya ardhi ikarudi safi haina mkopo haina zuio, na mkewe anayekaa mle ndani amekubali kusaini kwamba ameridhia kama sheria inavyotaka kwa nyumba ya familia. Hilo nalisema mapema manake Uganda hii ukimwambia mtu unanunua nyumba anakuuliza taiti tu, hakuna anayekuuliza paa.

Na mi shida yangu iko kwenye paa. Na ukuta. Na huyo muuzaji.

Muuzaji tumwite Haji. Sio ndugu wa damu ila kwangu ni kama baba mdogo, alikuwa rafiki wa marehemu baba tokea Bombo, na siku ya mazishi ya baba ye ndo alisimamia kila kitu mpaka maji ya kunawa wageni. Sasa umri umeenda anataka kurudi kwao Yumbe, kule mbali kaskazini, akalime, ndo maana anauza. Mtu wa namna hiyo Shangazi ukikaa naye kuongea habari za pesa unaongea ukiangalia mkeka.

Kabla ya kulipa zile 70 tulienda na fundi wetu akaikagua nyumba yote. Chumba cha watoto silingi bodi ina madoa ya kahawia, paa linavuja. Shimo la choo limejaa na soki piti, lile shimo la kunywesha maji machafu ardhini, haimezi tena, ukimwaga maji mengi bafuni yanarudi. Na sebuleni kuna ufa. Huu ufa ndo unaninyima usingizi, unaanzia kona ya juu ya dirisha unapanda mshazari kuelekea lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, huko chini ni mwembamba kama unywele lakini ukifika juu sarafu ya mia tano inaingia na kusimama. Fundi alitoa penseli akaweka alama pale ufa unapoishia, akaandika na tarehe pembeni, akaniambia hajati we subiri mvua halafu njoo uangalie alama yangu.

Mvua za mwezi wa tatu zikaja, nikaenda kuangalia, ufa umeipita alama kidole kizima. Yaani nyumba inatembea. Fundi anasema sababu anaiona kwa macho tu, nyumba imekaa kwenye mteremko, upande ule wa sebule walijaza udongo ndo wakajenga juu yake, na paa upande huohuo halina gata, mfereji wa kukinga maji, kwa hiyo maji yote ya paa yanamwagika chini ya ukuta palepale yanaulainisha udongo msingi unazama kidogo kidogo. Dawa yake anasema ni kufunga gata kwanza maji yaende mbali, halafu kuchimba kando ya ukuta kuona msingi umekaaje, na kama umeshuka basi kuuongezea zege chini kwa vipande vipande. Kuziba ufa ni kazi ya mwisho kabisa. Ukianza na kuziba, anasema, umepaka poda kwenye jipu.

Tulitaka haya yote yaandikwe kwenye agrimenti, mtoto wa Haji ambaye ndo anamsimamia mambo yake akagoma, akasema mnataka mzee ajenge nyumba upya. Tukabishana pale kwa loya mpaka ikabaki sentensi moja, kwamba muuzaji atarekebisha paa, shimo la choo na ufa wa sebuleni kabla ya malipo ya mwisho. Basi. Vipi, na nani, na nani akague, hakuna.

Sasa wamerekebisha! Nilipigiwa simu njoo uone, nikaenda, nyumba inang'aa, rangi mpya ya krimu ukuta mzima, ufa hauonekani, na ile alama ya fundi na tarehe yake nayo imelala chini ya rangi. Shimo la choo kweli walileta gari likanyonya, hapo nimpe Haji haki yake, ila soki piti hawajaigusa kwa hiyo litajaa tena muda sio mrefu. Paani hawakubadilisha hata bati moja, wamepaka lami juu ya misumari wakashuka. Haji ananizungusha anafurahi, "mwanangu unaona, nimekutengenezea," na mi natabasamu tu nasema asante baba, ningesema nini pale mbele ya mkewe na chai imeshamiminwa.

Ikanyesha tena. Nikamwomba mke wa Haji anipigie kama kuna kitu, yule mama ana roho safi hajui kuficha, akanipigia mwenyewe asubuhi, chumba cha watoto kinadondosha. Nikaenda kuangalia na ukuta. Kwa macho huoni kitu, ila ukipitisha ukucha pale pale kona ya dirisha unaisikia, mstari mwembamba umeshaipasua ile plasta kwa chini, rangi ndo imeushikilia.

Nikamfuata yule kijana wa Haji na kumweleza kwa upole. Jibu lake: agrimenti inasema kurekebisha, tumerekebisha, leteni balansi. Na wana haraka manake Haji anataka asafiri kabla ya Idi kubwa, ashaongea na mwenye lori wa kumbebea vitu.

Fundi wetu alipiga hesabu ya paa, gata na soki piti, mabati na mbao za kubadilisha na mikono yao, ikafika kama milioni 9. Msingi alikataa kuusemea, anasema mpaka achimbe aone, inaweza kuwa milioni 3 inaweza kuwa 15. Mi nikaomba wapunguze 12 kwenye ile balansi, halafu wasiguse tena kitu, nitatengeneza mwenyewe na fundi wangu nikisimama pale. Kijana akasema 3, mwisho. Tukaomba basi turuhusiwe kuchimba pale kando tuone msingi, Haji akakataa, hapo ndo pana veranda yake na maua ya mkewe, halafu majirani watasema nyumba ya Haji inaanguka na sisi tukijitoa hatapata mnunuzi mwingine. Ukimfikiria upande wake unamwelewa. Lakini na mi nitalipa milioni 95 kwa ukuta nisioujua chini yake kuna nini?

Loya wetu katoa njia nyingine. Tulipe sehemu kubwa, tuseme 75, zile 20 zibaki kwenye akaunti yake yeye loya, ukuta utengenezwe kiangazi hiki cha mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua za mwezi wa tisa na wa kumi zikipita ufa haujarudi Haji anapewa zake zote, ukirudi zinatumika kuutengeneza. Mi naiona ndo njia ya haki. Kijana alipomfikishia baba yake sijui alimwambia kwa maneno gani, Haji akanipigia mwenyewe, sauti inatetemeka, "mimi niliyemzika baba yako leo unaniwekea pesa kwa loya kama mwizi?" Shangazi nililia. Nikashindwa hata kumwelewesha.

Na loya huyohuyo anatuambia ukweli mwingine, kwamba tukishalipa yote, hati za uhamisho zikasainiwa, tukaingia ndani, basi nyumba ya kukaliwa unaichukua na maradhi yake, maana tulikagua tukaona. Nani atamfuata Haji mpaka Yumbe, uvuke Karuma, uvuke Pakwach, uende kumdai mzee wa watu aliyekaa chini ya mwembe wake? Mi siwezi. Na hata nikiweza, hana, zile 70 alishanunulia ng'ombe na mabati ya nyumba anayojenga huko. Ndo maana hata kujitoa nako kugumu. Agrimenti inasema mnunuzi akijitoa bila muuzaji kukosea anakatwa asilimia 10 ya bei, milioni 16 na nusu hizo, na zinazobaki tutazidai kwenye zizi la ng'ombe.

Washauri ninao wengi mpaka wananichanganya. Mume wangu kila akipiga simu toka njiani anasema lipa tuingie, hakuna nyumba isiyo na ufa, tutatengeneza polepole tukiwa mle mle kuliko kuendelea kumlipa landilodi. Ye ananiambia hivyo yuko Malaba mpakani kwenye foleni, ukuta hajausikia kwa ukucha. Kaka yangu anasema usilipe hata shilingi, wakushtaki wao. Broka kaja na lake, kwamba kwenye karatasi tuandike bei ndogo tuokoe kwenye ile stempu diuti, kodi ya serikali ya kuhamisha hati, ya asilimia 1.5, hiyo tutakayookoa ndo iwe ya kutengenezea. Hilo nimelikataa kabisa. Kwanza mthamini wa serikali ana bei yake haangalii tulichoandika, pili tukija kugombana mbele ya hakimu karatasi inasema tumelipa pesa ambayo sio, nitaanza kuelezea wapi. Na nimegundua kitu kimoja, broka anataka tumalize, mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, naye anataka tumalize, manake kila mmoja kuna chake anasubiri siku tukisaini mwisho. Yule mwenyekiti nilitaka nimwite awe msuluhishi, nikajizuia. Ataniambia lipa tu hajati, Haji ni mtu mzuri. Najua ni mtu mzuri! Sijasema mahali popote kwamba Haji ni mbaya. Nadhani hata ule ufa yeye mwenyewe anaamini umepona, mtoto ndo anajua alichompa yule fundi wa rangi afanye.

Nilichofikia kichwani mwangu mpaka saa hii ni hiki, muuzaji anayeondoka asipewe kazi ya kutengeneza, atatengeneza cha kuonekana tu siku ya kukabidhi, bora akate pesa na mwenye kukaa ndo atengeneze. Ila tatizo la kukata ni kwamba sijui nikate ngapi kama sijaona msingi. Nikichukua 6 au 7 tukutane katikati halafu msingi ukaja kula 15, nimeumia. Nikishikilia 12 na msingi ukawa mzima, nimemdhulumu mzee, na hiyo nayo sitaki kwenda nayo kaburini. Kwa hiyo kila nikizunguka narudi palepale, lazima tuchimbe tuone. Fundi anasema anahitaji shimo moja tu la kuingia mtu, siku moja, na atalifukia jioni na maua ya mama atayarudishia. Au basi pesa zibaki kwa loya mpaka mvua zipite, moja kati ya haya mawili, sioni la tatu.

Sasa Shangazi na nyie wenzangu mliowahi kununua nyumba kwa mtu mnayeheshimiana naye, nisaidieni. Nimtume nani kwa Haji? Nimefikiria imamu wa Bombo aliyewajua yeye na baba wote wawili, lakini naogopa Haji aone namwaibisha kwa watu wa msikiti. Nimefikiria kupitia kwa mkewe, ye ndo kakiona chumba kinavyovuja, lakini ndo nitakuwa nawagombanisha ndani kwao wakiwa wanafunga mizigo. Au niende mwenyewe bila loya, bila yule kijana, nimwambie baba twende wote tuushike huu ukuta, weka ukucha wako hapa? Na kama mnaona niende mwenyewe, nianze na lipi, la kuchimba au la pesa kubaki kwa loya? Na kuna yeyote aliyewahi kubakisha pesa kwa loya namna hii akaja kuzitoa vizuri bila kesi, mlikubaliana muda gani na mliandika nani ndo mwenye kusema ukuta umepona? Fundi wangu hawamwamini, fundi wao simwamini.

Nijibuni haraka jamani, Idi haiko mbali na yule kijana leo kanitumia meseji mbili za kuuliza balansi.

Mama Rukia, Kawempe