Yonathani akirudi kwake, Daudi afanyeje?

Ndugu mshauri, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, mzaliwa wa Masasi. Kwetu Waanglikana tupo tangu misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, ilipofika mwaka 1876, kwa hiyo nimekua nikisikia kengele na nikiwa na jumuiya. Kukosa mtu wa kusali naye nimekujua mwaka huu.

Miaka sita iliyopita niliacha pombe. Tulikuwa watatu: mimi, fundi cherehani, na mwalimu mstaafu ninayemwita baba. Kila Alhamisi jioni tulikaa barazani kwake, tukasoma Neno kidogo, kisha anamgeukia kila mmoja: "Wiki hii umejikwaa wapi?" Hapakuwa na mahubiri. Ukisema umejikwaa, kesho yake alfajiri fundi yuko mlangoni kwako, anakusindikiza kazini, hata kama njia nzima hamsemeshani. Kule kusindikizwa ndiko Mungu alikotumia kunitoa.

Sasa ni karani wa mizani katika chama cha msingi, kijiji kimoja cha Tandahimba. Mke na watoto wamebaki Masasi kwa ajili ya shule. Wanaoujua msimu wa korosho wanaelewa: Oktoba ikiingia mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanadondoka, na kila kona kuna uraka, pombe ya mabibo hayo. Wakulima wananikaribisha kwa moyo mweupe, hawajui nilikotoka. Kanisa ni saa nzima kwa bodaboda, na Jumapili nyingine magunia yananisubiri.

Mwezi wa tisa baba alikuja kunitazama, na umri wake ule, akiunga magari njiani. Alilala siku mbili. Tulisoma 1 Samweli 23, Yonathani alivyomfuata Daudi mwituni akamtia nguvu katika Mungu. Wiki tatu baada ya kumsindikiza, nikanywa. Kopo moja, kisha jingine. Hadi leo ni mara nne. Akipiga simu namjibu, "Mzima, baba, tunamshukuru Mungu." Barazani nisingethubutu, angenitazama tu akajua.

Nimeirudia sura ile. Mstari wa 18: wakafanya agano, Daudi akakaa mwituni, Yonathani akaenda nyumbani kwake. Hapo ndipo nilipo mimi.

Huku yupo katekista, mtu wa sala, ila niliwahi kumsikia akisimulia mbele za watu jambo aliloambiwa faraghani. Na yupo jirani yangu, mzee wa Kiislamu. Jioni hunipitia ghalani tukarudi wote nyumbani, tukizungumza habari za mikorosho na wajukuu zake. Siku zote nne nilizokunywa, yeye alikuwa safarini. Natamani kumweleza, na naamini angenibeba. Lakini je, ni haki kumtwika mtu wa imani nyingine mzigo huu? Atanifikisha nyumbani salama, ila hataniuliza kama nimesali, na mimi nikiacha sala ndipo ninapoanza kuteleza.

Kuhusu baba, ana presha. Naogopa habari hii itamwangusha, na naogopa zaidi kuendelea kumdanganya. Mke wangu atakuja shule zikifungwa Desemba, hajui chochote.

Nianze kwa nani? Naomba mnijibu mapema, mabibo bado ni mengi.

Karani, Tandahimba