Nyaya za Land Rover zetu zifumuliwe zote, na mchoro ubaki garini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wenzangu wenye magari ya zamani hapa Dodoma na wilaya zake, hasa wenye Land Rover, pamoja na mafundi umeme wa magari wanaotuhudumia. Ombi langu ni kwamba nyaya za gari lililokwisha kupita miaka 50 zisiendelee kutiwa viraka, bali zifumuliwe zote na kufungwa upya, na fundi asihesabiwe kuwa amemaliza kazi mpaka amemkabidhi mwenye gari mchoro wa kile alichokifunga.

Ninayo Land Rover Series IIA ya mwaka 1969, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, niliyoinunua mnadani nilipokuwa afisa mifugo Mpwapwa. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilikuwa natoka nayo msibani Kondoa, usiku, nikiwa nimebeba ndugu watano nyuma na mama watoto mbele. Tulipokaribia Haneti moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi, ukiwa na ile harufu kali ya plastiki inayoungua. Nilizima ufunguo na injini ikazimika, lakini moshi uliendelea, kwa sababu waya uliokuwa unaungua ulitoka kwenye betri moja kwa moja bila kupita kwenye ufunguo wala kwenye fyuzi yoyote. Tuliruka nje wote, nikafungua boneti na kuilegeza teminali ya betri kwa spana huku mikono ikitetemeka. Naomba msomaji akumbuke kwamba tangi la petroli la gari hili liko chini ya kiti cha mbele cha upande wa kulia, yaani chini ya dereva mwenyewe, na moto uliokuwa unaanza haukuwa mbali nalo hata kwa urefu wa mkono.

Gari lilivutwa mpaka mjini, na fundi aliyelipokea alikuwa binti mdogo aliyesomea umeme wa magari VETA. Alifungua dashibodi, akamulika tochi kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia, "Babu, hapa hakuna cha kurekebisha. Tukiongeza waya mwingine tutakuwa tunaongeza kuni." Nilimwomba anionyeshe, naye akanionyesha kila kitu kwa subira ambayo sijawahi kuiona katika gereji.

Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazikupitia hata moja kati ya hizo. Ndivyo magari ya wakati ule yalivyotengenezwa, na kwa matumizi ya wakati ule yalitosha. Lakini juu ya wayaringi ile ya kiwandani, ambayo ganda lake lilikuwa limekauka na kupasuka kwa joto la injini na umri, tulikuta tabaka tatu za kazi za mafundi waliopita. Palikuwa na waya wa redio, waya wa taa za ziada, waya wa honi ya pili, na waya mnene wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mgumu wa shaba, ambao haufai kabisa garini kwa kuwa mtikisiko wa barabara zetu huuvunja ndani ya ganda bila mtu kuona. Viungo vyote vilikuwa vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa solotepu, na joto la Dodoma lilikuwa limeyeyusha gundi hadi solotepu ikafunguka yenyewe. Fyuzi moja kati ya zile mbili ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kwa muda gani nimebeba watu nikiwa na karatasi ile, sijui, na jambo hilo bado linaniumiza moyo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani fyuzi imewekwa ili kuilinda taa au redio. Fyuzi inaulinda waya. Waya mwembamba uliokusudiwa kupitisha ampea 10 ukipigwa shoti, betri iko tayari kuusukumia mamia ya ampea kwa mara moja, na waya huo utageuka kuwa kama uzi wa jiko la umeme ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya, na mahali pake ni karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwani kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi. Fyuzi inayokatika mara kwa mara ina habari ya kutuambia. Anayeiongeza kutoka ampea 15 hadi 30, au anayeizungushia karatasi, ameuziba mdomo wa shahidi.

Jambo la pili ni njia ya kurudia umeme, ile ambayo mafundi wanaiita ethi. Bodi ya Land Rover hizi ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na metali hizi mbili zikikutana penye unyevu na chumvi, aluminiamu huliwa polepole na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Ukichanganya vumbi letu la kiangazi na tope la Bahi la mwezi Januari, utaelewa kwa nini skrubu iliyoishika taa ya nyuma kwenye bodi haiwezi tena kuaminiwa kurudisha umeme. Dalili yake kila mwenye gari la namna hii anaijua: ukiwasha indiketa, taa ndogo za nyuma nazo zinakonyeza, au ukikanyaga breki taa nyingine inafifia. Umeme umekosa njia yake ya kurudi na unajipenyeza kupitia taa ya jirani. Fundi wangu hakuitegemea bodi hata kidogo. Kila taa ilipewa waya wake mweusi wa kurudia, nyaya hizo zikakusanywa kwenye nati moja iliyosuguliwa mpaka chuma cheupe na kupakwa grisi, na kutoka hapo kebo nene ikaenda kwenye upande hasi wa betri. Kebo nyingine iliunganisha injini na chesisi, kwa kuwa injini imekaa juu ya mipira na stata, yaani mota ya kuiwasha injini, haiwezi kufanya kazi vizuri bila kebo hiyo.

Wenye magari ya mwanzo zaidi wawe waangalifu hapa. Land Rover za kabla ya karibu mwaka 1967 zilifungwa upande chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Mtu akifunga alteneta, yaani mashine ya kuchaji betri, au redio ya kisasa bila kulichunguza hilo, ataiunguza siku hiyo hiyo, na huenda akawalaumu waliomuuzia.

Taa kubwa zilinifundisha zaidi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba taa za Land Rover ni hafifu kwa asili yake, na kwamba anayesafiri nayo usiku kati ya Kondoa na Dodoma lazima avumilie. Binti yule alichukua mita akapima betri injini ikiwa inanguruma, akapata volti 13.8, akapima kwenye soketi ya taa, akapata 11.9. Karibu volti mbili zilikuwa zimepotea njiani. Taa mbili za wati 60 kila moja zinavuta jumla ya ampea 10, na katika mfumo wa zamani ampea hizo zote zinatoka kwenye betri, zinapanda hadi swichi ya dashibodi, zinashuka hadi swichi ya mguu iliyo sakafuni, kisha ndipo zinarudi mbele. Mita tano za waya wa milimita moja ya mraba zinakula peke yake karibu volti 0.9, na kinachobaki kinaliwa na swichi zilizochakaa. Kwa taa za namna hii mwanga hupungua haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ambayo inairuhusu swichi ya dashibodi kubeba umeme kidogo tu wa kutoa amri, huku umeme wa taa wenyewe ukipita njia fupi ya mita moja na nusu kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba, ambako unapoteza takribani volti 0.1. Kwa taa zilezile nilizokuwa nimezilalamikia, sasa namwona ng'ombe aliyelala barabarani mapema kiasi cha kusimama kwa utulivu.

Yapo na mambo ya alteneta. Dainamo ya asili ya gari langu, mashine ya kuchaji ya wakati ule, ilikuwa na uwezo wa ampea 22, nasi tunapenda kuiondoa na kufunga alteneta ya ampea 45 au zaidi. Ni sawa kabisa, ila waya wa kahawia unaobeba umeme wa kuchaji lazima nao ubadilishwe, kwani ulipimwa kwa ampea 22 na hautageuka kuwa mnene kwa sababu tumebadilisha mashine. Gari langu lilifungwa alteneta na fundi wa zamani aliyeuacha waya uleule, na huo ndio uliokuwa unaungua pale Haneti.

Nimetaja waya wa kahawia kwa makusudi. Magari haya ya Uingereza yana lugha yake ya rangi: kahawia ni umeme wa betri usiozimika, mweupe unatoka kwenye ufunguo, kijani umeshapita kwenye fyuzi baada ya ufunguo, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, zambarau una fyuzi lakini hauzimwi na ufunguo, na mweusi ni wa kurudia. Anayeijua lugha hii anaweza kuliendea gari ambalo hajawahi kuliona akatambua tatizo kwa nusu saa. Lakini madukani kwetu mara nyingi unapata nyekundu na nyeusi tu, na fundi anayefunga gari zima kwa waya mwekundu anamwachia fundi atakayekuja baadaye fumbo lisilo na mwanzo. Sisi tuliagiza rangi nyingine kutoka Kariakoo, na pale tulipokosa, kila waya ulivikwa namba kwenye ncha zote mbili.

Kuhusu waya wenyewe, wanunuzi wafungue macho. Upo waya unaouzwa kama shaba kumbe ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, urudishe. Upinzani wa aluminiamu ni mkubwa kuliko wa shaba kwa zaidi ya mara moja na nusu, na nyuzi zake hukatika upesi zikibanwa kwenye teminali.

Najua jibu ambalo wengi watanipa, nalo ni gharama. Kazi yangu ilichukua siku 11, na fedha nyingi zilikwenda kwenye muda wa fundi kuliko kwenye vifaa. Hapa naomba niseme wazi kwamba wenye magari tuna sehemu kubwa ya kosa. Tunampelekea fundi gari asubuhi tukilitaka saa nane mchana, tunalipa kwa furaha kifaa kipya kinachoonekana kwa macho, na tunanung'unika tunapotakiwa kulipia siku mbili za kufuatilia nyaya na kuzichora. Fundi aliyezoeshwa hivyo atafunga kiraka, maana kiraka ndicho tunachokilipia. Wapo pia wanaoshauri magari haya yauzwe kama chuma chakavu. Hawajakaa vijiji vya Chemba au Mpwapwa wakati wa masika, ambako gari hizi bado zinabeba wagonjwa, mahindi na maiti, na ambako umeme usiokuwa na kompyuta ni faida, kwa sababu kijana mwenye mita na mchoro anaweza kuutengeneza chini ya mbuyu.

Ndiyo maana nasisitiza mchoro. Bila mchoro, kazi nzuri ya leo itakuwa msitu mwingine baada ya miaka 10, kwa kuwa fundi atakayefuata hatajua ni kipi kilikusudiwa na ataanza upya kukata na kuunga. Naviomba vyuo vyetu vya ufundi vimpe mwanafunzi alama kwa mchoro wake kama vinavyompa kwa taa kuwaka, na wanaokagua magari wafungue boneti watazame fyuzi, wasiridhike na kuona taa zinawaka.

Mchoro wa gari langu una kurasa mbili, unaonyesha fyuzi 12, rilei nne, unene wa kila waya na namba zake. Nakala moja iko ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya kiti, na nyingine naiambatanisha na barua hii. Mhariri, kama msomaji yeyote mwenye Series IIA iliyofungwa hasi kwenye bodi ataihitaji, nakuomba umruhusu aitoe kivuli hapo ofisini kwako.

Afisa mifugo mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.