Sato wako watatu, na habari ya majivu

Mwanza, Jumapili usiku

Mwangaluka mwanangu,

Meseji zako nimeziona zote na ile voisi ya dakika tatu unacheka tu nimeisikiliza mpaka mwisho, sikujibu kwa sababu viganja vilikua vinatetemeka na pia nilikua natafuta namna ya kulisema hili bila kulisema. Haya basi, umeshinda lile dau letu. Baiskeli ya tairi ya milimita 35 haifiki kwa kupedeli Ngaresero, kile kijiji cha chini ya volkeno ya Lengai karibu na Ziwa Natron, na sato wako watatu unawadai kihalali, nitakwambia hapo chini wanakujaje.

Ila ngoja nikusimulie ilivyokua ndo ucheke vizuri.

Nilitoka Nyegezi alfajiri, baiskeli nimeitoa matairi yote mawili nikaivingirisha blanketi, konda akasema huo ni mzigo wa watu wawili, tukabishana mpaka akachoka yeye, ikaingia buti chini ya magunia ya dagaa ya mama mmoja na mpaka leo siti yangu inanukia mwaloni. Njia ni ileile ya Shinyanga, Singida, Babati. Katesh tulipita Hanang imejifunika wingu kichwani, mita 3,420, basi zima likanyamaza kidogo maana kila mtu alikumbuka yale matope ya Desemba 2023. Ule nao ni mlima wa volkeno ingawa umelala siku nyingi. Nikashuka Makuyuni usiku nikapata noah mpaka Mto wa Mbu, nikalala na baiskeli chumbani kama mke.

Unajua sisi tumekulia kwenye mawe. Bugarika pale tulijifunza baiskeli kwenye Foniksi ya baba yako tunapitisha mguu chini ya bomba la fremu, karia ina kuni, mawe kushoto mawe kulia, kwaiyo mtu akiniambia barabara ngumu mi nacheka. Na kila Jumamosi mwaka mzima nimepiga Kisesa, Bujora, mpaka Magu na kurudi, nikajiona nimeiva. Kumbe jiwe la kwetu ni jiwe la amani. Granaiti hii ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, imeshatulia, ukiigonga unajua umegonga. Kule nilikoenda ardhi ya jana, haijaamua bado iwe jiwe au iwe unga.

Asubuhi nilikua na jamaa wawili wa Arusha nilioelewana nao kwenye grupu, wana zile baiskeli zenyewe za changarawe, usukani umekunjwa kama wa mbio ila tairi nene hizo, hazina tyubu, ndani wameweka dawa ya maji inayoziba pancha yenyewe. Wakaitazama yangu, wakatazamana. Hawakusema kitu, watu wa heshima sana.

Mpaka Engaruka nilikua mfalme bana. Ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto kwako muda wote kama umejengwa, kulia uwanda hauishi, ng'ombe na punda na watoto wanapiga kelele. Tukasimama Engaruka kuona yale magofu, watu wa zamani walipanga mawe wakachimba mifereji ya kumwagilia mashamba karne nyingi kabla ya wakoloni, wakaondoka na hakuna anayejua vizuri walienda wapi. Mi nilipenda zile kuta kuliko kitu chochote cha siku ile, nadhani kwa sababu ni mawe na bado nilikua siku ya mawe.

Baada ya hapo ndo yalianza. Kwanza barabara ikawa migongo migongo kama bati, meno yanagongana, chupa moja ya maji ikachomoka nikasikia tu paa. Afu migongo ikaisha nikashukuru Mungu, kumbe nashukuru mapema, maana tuliingia kwenye majivu. Sio mchanga wa Kapripointi ule mwanangu, mchanga una punje. Haya ni poda, ya kijivu, ukikanyaga inaruka kama unga wa sembe mashineni, na chini yake kumejificha vijiwe vyeusi vyepesi vyenye ncha. Tairi ya mbele inazama usukani unageuka wenyewe unaenda unakotaka. Nilianguka mara nne, mbili nikiwa nimesimama.

Na hapa ndo naomba nikiri kitaalamu ulichokua unasema wewe mwaka jana pale Kirumba nikakuita mwoga. Tairi nyembamba inataka upepo mwingi ili rimu isipigwe na jiwe, na upepo mwingi unaifanya iwe kisu, inakata majivu inazama. Jamaa wakaniambia shusha upepo, nikashusha, nikaelea kweli kama dakika kumi, raha, afu nikagonga kijiwe kimoja tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka pande mbili. Nikaziba, nikajaza upepo, nikazama. Nikashusha tena, nikatoboka tena. Kiraka cha mwisho nilikitumia kwa mbigili, zile zile mbigili za kwenu Dodoma, zimenifuata mpaka kule. Wenzangu wao walikua wanapita juu kama mtumbwi.

Afu jua, na upepo wa kutoka mbele umebeba yale majivu yote machoni. Nikiwa nasukuma baiskeli kwa miguu akanipita moran na bodaboda, shuka linapepea, nyuma kapakia mbuzi wawili, akanisalimia vizuri tu akaniuliza kwani mzee hiyo imeharibika? Nikamwambia hapana. Akasema sawa akaondoka. Hiyo iliniuma kuliko goti.

Kilometa kama ishirini za mwisho nilimaliza juu ya kenta iliyobeba mapipa ya maji. Imeandikwa katika dau letu kufika kwa kupedeli, kwaiyo hesabu imefungwa.

Sasa Lengai. Unaiona saa nzima kabla hujaifikia, imechongoka kama lundo la mkaa, juu nyeupe utadhani theluji. Sio theluji. Mlima huu unatoa lava ambayo volkeno nyingine hai duniani haitoi, imejaa magadi badala ya yale mawe ya kawaida, joto lake kama nyuzi 500 na kitu wakati lava za kwingine zinapita 1,000, inatoka nyeusi nyepesi inatiririka kama oili chafu ya gereji, ikikutana na unyevu wa hewani inageuka nyeupe. Mzee mmoja pale tulipofikia alitusimulia mwaka 2007, mwezi wa saba ardhi ilitikisika siku nyingi, tetemeko lilisikika mpaka Nairobi, afu mlima ukalipuka ukamwaga majivu mpaka mwaka uliofuata, watu wakahamisha mifugo maana majani yote yalifunikwa. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu na alivyokua anauongelea ni kama mtu anamwongelea baba mkali aliyelala chumba cha pili, sauti chini. Na majivu hayohayo yaliyonitesa, upepo umeyapeleka Serengeti enzi na enzi, ndo yanayofanya zile nyasi fupi ziwe na madini ambayo nyumbu wanazifuata kuzalia. Kwaiyo nimeyasamehe nusu.

Karibu na pale kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyoganda, vidole unavihesabu. Nilikaa pale muda mrefu. Nikawaza hawa nao walikua wanatembea kwa miguu, angalau.

Asubuhi tukapedeli polepole mpaka Natron, ardhi tambarare imepasuka, chumvi inalia chini ya tairi. Mi mtu wa ziwa, unanijua, nikiona maji nataka kunawa uso. Haya hayanawiki. Yanateleza mkononi kama sabuni na yanachoma kila ulipochubuka, na mi nilikua nimechubuka kote. Heroe kwa mbali, mstari wa pinki mrefu, hapo ndo heroe wadogo wanapozalia karibu wote wa Afrika Mashariki kwa sababu hakuna mnyama mwenye akili atakayewafuata kwenye ule uji wa magadi.

Lakini kitu kilichonichekesha peke yangu mpaka wenzangu wakageuka ni kwenye chemchemi za moto pembeni ya ziwa. Nimeinama naona visamaki vidogo kama kidole vinakimbia. Nikamuuliza mwenyeji, akasema hao ni jamii ya sato, hawapatikani kwingine zaidi ya huku. Yani nimetoka Mwanza nimevuka mikoa, nimeanguka mara nne, nimepakiwa na mapipa, nafika mwisho wa dunia nakuta deni lako linaniangalia majini.

Nataka kurudi mwakani mwezi wa saba, kabla jua halijawa kali sana, na safari hii twende wote, maji lita tano kila mtu na sio tatu. Fundi wa Mabatini ameipima fremu yangu, anasema tairi ya 45 inaingia, ya 50 inagusa.

Sato nimewanunua mwaloni leo asubuhi, wakubwa, wamebanikwa, nimewaweka kwenye ndoo ya bluu yenye mfuniko na jina lako juu. Basi la kesho, wapokee stendi ya Nanenane jioni, namba ya konda nakutumia kwa meseji, usichelewe wasije wakalala kwenye joto. Konda anageuza Jumatano kuja huku. Zile tairi zako za 45 ulizoning'iniza stoo tangu uhamie huko zinaenea kwenye hiyo ndoo ukizikunja, nimeshapima, kwaiyo ndoo isirudi tupu.

Msalimie shemeji na watoto.

Mimi, mzee wa kenta